Uyoga, Gongo na Ini: Historia ya Kinga Inayouzwa Mwambao wa Ziwa Victoria



Biashara ya dawa lishe imezuka nchini kama uyoga baada ya mvua, na safari hii sehemu ya bidhaa zenyewe ni uyoga. Unga wa uyoga aina ya ganoderma, ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, umekwishaingia katika kahawa, katika vidonge na katika chupa zinazouzwa mkono kwa mkono na mawakala. Miongoni mwa sifa zinazotajwa ni kwamba uyoga huu na jamaa zake hulinda ini la mnywaji dhidi ya madhara ya pombe. Ahadi hiyo ina mvuto wa pekee katika mwambao wa Ziwa Victoria, ambako mvuvi hupokea fedha taslimu mwaloni asubuhi na kilabu hakiko mbali, na ambako wodi za hospitali zimezoea kupokea watu waliojaa maji tumboni au wanaotapika damu.

Swali ninaloliweka mezani ni la kihistoria kabla halijawa la kitabibu. Je, watu wa mwambao huu waliwahi kupewa ahadi za namna hii? Zilipimwaje? Nani aliyelipa gharama pale zilipokuwa hewa? Hoja yangu ni kwamba Mwanza, kuliko miji mingi ya Afrika, imehifadhi katika historia yake somo la namna ya kutenganisha dawa na matumaini. Somo hilo linatupa haki ya kudai ushahidi kwa anayeuza uyoga, na linatupa pia haki ya kudai kinga za ini ambazo tayari zimethibitishwa lakini hazijawafikia watu wazima wanaozihitaji.

Pombe iliyokuwa na mipaka

Kabla ya ukoloni, pombe ya mwambao huu ilikuwa pombe ya shamba. Wasukuma walipika bwalwa kwa mtama, uwele na ulezi. Wahaya walikamua ndizi, wakachanganya na mtama, wakapata rubisi, ambayo sehemu yake ilipelekwa kwa Mukama kama heshima na kodi kwa pamoja. Pombe ililipa kazi ya pamoja shambani, ilifunga mahari, ilituliza mizimu na ilimaliza ugomvi.

Pombe hiyo ilikuwa na mipaka mitatu. Mpaka wa kwanza ulikuwa ghala: nafaka iliyopikwa pombe ni nafaka isiyoliwa, na mwaka wa njaa haukuwa mwaka wa vilabu. Mpaka wa pili ulikuwa muda: pombe ya nafaka au ya ndizi huchacha na kuharibika baada ya siku chache, hivyo haikuweza kulimbikizwa wala kusafirishwa mbali. Mpaka wa tatu ulikuwa umri na heshima, maana kunywa kulikuwa haki ya wazee zaidi kuliko ya vijana. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya kijamii ya pombe Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi udhibiti wa pombe ulivyokuwa sehemu ya mamlaka ya wazee.

Tusiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Walevi walikuwepo, na utaratibu wa wazee uliwabana vijana na wanawake katika mambo mengi zaidi ya kata ya pombe. Lakini kwa ini la mwanadamu mipaka ile ilikuwa na maana. Ini huvunja kileo kwa hatua: kwanza hukigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza asetaldehidi kuwa asetati, isiyo na madhara makubwa. Likipewa kileo kidogo na mapumziko marefu, ini hujirudi. Likipewa kileo kikali kila siku kwa miaka, hujaa mafuta, huvimba, na mwishowe hujaa makovu na kusinyaa.

Sheria nyingi, ini halimo

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, ulioweka vizuizi dhidi ya pombe kali katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliendeleza msimamo huo. Katika Tanganyika chini ya Waingereza, Mwafrika alizuiwa kunywa pombe kali huku Mzungu akijimiminia wiski katika klabu yake; katazo hilo lilidumu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Wakati huohuo pombe ya kienyeji iliruhusiwa katika vilabu vyenye leseni, na ada zake zikaingia katika mifuko ya mamlaka za miji na za wenyeji. Serikali ilikataza kwa mkono mmoja na kukusanya kwa mkono mwingine.

Matokeo yake yalikuwa gongo. Kilichokatazwa hadharani kikapikwa porini na vichochoroni: pombe ya kawaida ikachemshwa, mvuke wake ukapozwa katika bomba, na kilichodondoka kikawa kikali mara nyingi zaidi ya rubisi au bwalwa. Kikapewa majina mengi: moshi, nipa, na kule Buhaya enkonyagi. Mipaka ya kale ikavunjika kwa mpigo. Gongo haliharibiki baada ya siku tatu, hubebeka mfukoni, na halimsubiri mzee atoe idhini. Kwa kuwa lilikuwa haramu, hapakuwa na mtu wa kupima ukali wake wala uchafu wake.

Uhuru ulipokuja, nchi zinazolizunguka Ziwa zilijaribu njia zinazofanana. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikitaka wapikaji wawe na leseni. Tanzania ikafuata na Sheria ya Moshi mwaka 1966, kisha Sheria ya Vileo mwaka 1968. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali iliingia katika umiliki wa kiwanda cha bia. Na tangu miaka ya 1970 konyagi, jina lililozaliwa na kinywaji cha Wafaransa, ikawa pombe kali halali ya Mtanzania. Mwaka 1993 kiwanda cha bia kikapata mbia kutoka Afrika Kusini, na bia ikaanza kutangazwa kwa lugha ya kila kanda: Kanda ya Ziwa ilipewa Balimi, yaani wakulima. Kenya nayo ilihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, ambayo kwa bei ya sarafu chache ilikuwa imemfikia hata mwanafunzi.

Ukizisoma sheria hizi kwa mfululizo utaona swali lao kuu: nani anywe, anywe wapi, na kodi aipate nani. Afya ilitajwa, na kwa viroba ilitajwa kwa nguvu, lakini ini la mnywaji mtu mzima halikuwahi kuwa kiini cha sera. Wakati huohuo uchumi wa Ziwa ulikuwa ukibadilika. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alishamiri kuanzia miaka ya 1980; viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza; makambi ya wavuvi yakajaa visiwani. Mwanamume kijana aliye mbali na kwao, mwenye fedha ya leo na asiye na hakika ya kesho, ni mteja ambaye muuza pombe hahitaji kumtafuta. Watafiti wa Mwanza waliochapisha mwaka 2015 matokeo yao kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro waliona kuwa unywaji ni jambo la kawaida katika rika hilo, ingawa Kilimanjaro ilikuwa juu zaidi.

Uyoga unajua nini kuhusu ini?

Sasa tuuendee uyoga wenyewe, bila dharau na bila ushabiki. Uyoga si mgeni kwetu. Mvua zinaponyesha, vichuguu vya mchwa huchipua uyoga unaoliwa, na maarifa ya kutofautisha wa kuliwa na wa kuua yamekuwa kwa muda mrefu mikononi mwa wanawake na watoto wanaouokota. Mtafiti wa Finland Marja Härkönen, pamoja na mwanabotania wetu Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliyakusanya maarifa hayo katika machapisho ya miaka ya 1990 na katika kitabu cha mwaka 2003. Katika chuo hichohicho, Profesa Amelia Kivaisi na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba uyoga wa asili wa hapa nchini unaweza kuoteshwa juu ya mabaki ya mazao. Kwa hiyo anayesema sayansi ya uyoga ni ya China peke yake hajasoma historia ya nyumbani.

Uhusiano wa uyoga na ini una sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kutisha. Uyoga uitwao Amanita phalloides, maarufu Ulaya kwa mauaji, huua hasa kwa kuliharibu ini. Uyoga mwingine, Coprinopsis atramentaria, huliwa salama na asiyekunywa. Aliyekunywa pombe huwaka uso, moyo hudunda, na hutapika. Sababu yake ilifahamika mwaka 1975: umo kemikali iitwayo koprini, ambayo mwilini huzuia hatua ile ya pili ya kuigeuza asetaldehidi, na sumu hiyo ikajaa kwenye damu. Disulfiramu, dawa ambayo watafiti wa Denmark waliitangaza mwaka 1948 kwa ajili ya kuwasaidia walevi kuacha, hufanya kazi kwa njia inayofanana. Yaani uyoga ambao una uhusiano wa wazi kabisa na pombe hauwezeshi mtu kunywa, humwadhibu akinywa.

Sura ya pili ndiyo inayouzwa. Wenyeji wa kale wa kisiwa cha Taiwan walitumia uyoga uitwao Antrodia kuondoa uchovu wa pombe. Maabara za Asia zimechukua dondoo za uyoga huo, za ganoderma na za jamii nyingine, zikawapa panya na kisha zikawanywesha panya hao kileo. Mara nyingi panya waliopewa uyoga walionekana nafuu: vimeng'enya vinavyovuja kutoka katika ini lililoumia vilikuwa vichache kwenye damu yao, na mafuta yalipungua ndani ya ini. Hii ni sayansi halali, na inafaa kuendelezwa.

Ila panya hatoshi. Panya hapati kirahisi makovu mazito ya ini kwa kunyweshwa pombe kama apatavyo mwanadamu; hupewa dondoo kwa kipimo maalumu, mara nyingi kabla ya kileo au pamoja nacho, kwa wiki chache. Mnywaji wa mwaloni ana miaka kumi ya gongo, hajui kipimo, na pengine ana ugonjwa mwingine wa ini asioujua. Kabla ya uyoga ilikuwepo silimarini, dawa inayotokana na mbaruti-maziwa wa Ulaya, mmea ambao sifa zake maabara zilikuwa nzuri kwa miongo mingi. Mwaka 2007 wachambuzi wa Cochrane waliyaweka pamoja majaribio 18 yenye wagonjwa 1,088 wa ini, baadhi yao wa pombe na wengine wa homa ya ini ya virusi. Hawakuona uthibitisho wa kuridhisha kwamba mmea huo unapunguza vifo. Kwa upande wa ganoderma, madaktari wa Hong Kong na Thailand wameripoti kesi chache za watu walioumia ini baada ya kutumia unga wake. Kesi chache hazitoshi kuuhukumu uyoga mzima. Zinatosha kumnyima muuzaji haki ya kusema kwamba kitu cha asili hakina madhara.

Tuongeze gharama isiyoandikwa kwenye chupa. Ule uyoga wa Taiwan huota juu ya mti mmoja wa jamii ya mdalasini, na sifa zake za kulinda ini ziliupandisha bei hadi mti wenyewe ukawa windo la wakataji haramu. Misitu yetu ya Geita na Kagera inalijua shoka hilo kwa majina mengine.

Ziwa la majaribio

Hapa ndipo historia ya mwambao inapotufaa zaidi. Mwaka 1906 Robert Koch, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, aliwasili Mwanza kupambana na ugonjwa wa malale, ambao ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 kwa makadirio katika mwambao wa kaskazini. Kutoka Mwanza alihamia visiwa vya Sese, upande wa Uganda, na huko akawadunga wagonjwa kwa wingi dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka kwenye damu, na habari njema zikapelekwa Berlin. Vimelea viliporudi, dozi iliongezwa. Wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka kabisa. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, wala ridhaa kwa maana tunayoijua leo. Nafuu ya wiki chache ilichukuliwa kuwa tiba, na waliolipa ni watu wa visiwani.

Miaka 85 baadaye, kati ya 1991 na 1994, mkoa huohuo wa Mwanza ulikuwa uwanja wa jaribio la namna nyingine. Heiner Grosskurth, Frank Mosha na wenzao walichukua jamii 12 za vijijini, wakaziweka jozijozi, na kwa kura jamii sita zikapewa huduma bora ya magonjwa ya zinaa katika vituo vyao vya afya; nyingine sita zikasubiri. Watu wazima wapatao 12,500 walifuatiliwa. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizohudumiwa na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Jina la Mwanza likaingia katika vitabu vya tiba duniani kote. Hata hivyo, jaribio lililofuata ng'ambo ya Ziwa, wilayani Rakai, lililotibu watu wote kwa pamoja na kutangazwa mwaka 1999, halikuona punguzo kama hilo. Kwa hiyo wataalamu walilazimika kujiuliza upya ni katika mazingira gani huduma hiyo hufaa. Hivyo ndivyo elimu ya kweli inavyokwenda: hata ushindi hurudiwa na kuhojiwa.

Mfano wa tatu ndio unaofanana zaidi na uyoga wetu. Jeli iitwayo PRO 2000 ilizuia VVU maabara. Jaribio moja dogo, lililotangazwa mapema mwaka 2009, lilidokeza kwamba huenda inapunguza maambukizi kwa asilimia 30. Matumaini yalikuwa makubwa. Jaribio kubwa zaidi, lenye wanawake 9,385 katika nchi nne, lilikuwa na kituo Mwanza. Walioshiriki hapa walikuwa wahudumu wa baa na nyumba za wageni, mama lishe na wauza pombe ya kienyeji. Desemba 2009 matokeo yalitoka: jeli haikukinga. Wanawake wale, ambao jamii huwatazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ya kazi zao, waliipa dunia jibu ambalo hakuna chupa ya maabara ingeweza kulitoa, na kwa jibu hilo wanawake wengine wasiohesabika waliepushwa na kinga isiyokinga.

Linganisheni na mwaka 2011, pale taifa lilipokimbilia kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi, viongozi walikuwemo, na wapo waliofia njiani. Simdhihaki yule mzee, ambaye hata bei yake haikuwa ya tapeli. Ninachosema ni kwamba safari ile umati ulitangulia na vipimo vikafuata nyuma, vikihema.

Maadui wengine wa ini

Kuna jambo moja ambalo muuza uyoga halisemi, na mara nyingi hata sisi wasomi hatulisemi. Mwambaoni mwa Ziwa, tumbo lililojaa maji si hati ya ulevi.

Kichocho cha tumbo kimejaa katika visiwa na vijiji vya mwambao wetu. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, huingia kupitia ngozi ya anayevua, anayeoga au anayefua, na mayai yao hunasa katika mishipa ya ini. Miaka inapopita mishipa hiyo hujaa makovu, damu hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula hupasuka. Mtu anatapika damu, naye pengine hajawahi kuonja pombe. Jirani husema alikuwa anakunywa kwa siri. Mjane huzika mume na kubaki na aibu isiyo yake.

Adui wa pili ni homa ya ini ya virusi B. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002. Fanyeni hesabu: mvuvi mwenye miaka thelathini leo alizaliwa kabla ya chanjo hiyo, na isipokuwa amechanjwa ukubwani, hana kinga ya chanjo. Adui wa tatu ni sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka yenye ukungu, ambayo mama ameikataa kwa ugali, haifai kuelekezwa kwenye pipa la pombe, maana sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Virusi B na sumukuvu vikikutana katika ini moja, hatari ya saratani huongezeka sana. Pombe ikiongezwa juu yake, mzigo huwa mzito zaidi.

Kwa maadui hawa kinga zipo na zimethibitishwa. Dawa ya prazikwanteli hutibu kichocho kwa dozi ya siku moja, lakini kampeni zake zimejengwa zaidi juu ya watoto wa shule, na mvuvi mtu mzima hurudi kwenye maji yaleyale bila kumeza kidonge. Chanjo ya homa ya ini ipo kwa watu wazima, na mara nyingi hulipiwa mfukoni. Kukausha nafaka vizuri kunahitaji turubai na elimu. Na kwa pombe yenyewe, ini lililojaa mafuta tu, bila makovu, huanza kurudi katika hali yake wiki chache baada ya mtu kuacha kunywa. Hakuna uyoga uliothibitishwa kuleta matokeo hayo kwa binadamu.

Tufanye nini?

Watumishi wa umma mnajua kwamba tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala na baraza lake, na kwamba tangu mwaka 2019 dawa zinasimamiwa na TMDA na vyakula na TBS. Unga wa uyoga hupita katikati ya nyumba hizo mbili: kwenye kifungashio ni chakula, mdomoni mwa wakala ni dawa. Taasisi hizo zikae meza moja na kuweka kanuni nyepesi: anayedai bidhaa yake inalinda ini, kwa maandishi au kwa mdomo, awasilishe ushahidi wa majaribio kwa binadamu au anyamaze.

Wanafunzi, hasa mlio Bugando na Muhimbili, hapa pana kazi ya maisha. Tangu mwaka 1974 Muhimbili ina kitengo, ambacho sasa ni taasisi, cha kuchunguza dawa za asili. Mwanza ina kituo cha NIMR na watafiti waliozoea majaribio makubwa. Uyoga wa vichuguu vyetu ustahili kuchunguzwa hatua kwa hatua, kuanzia maabara hadi kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari, wakiwa na kundi la kulinganishia, na matokeo yakatangazwa hata yakiwa mabaya. Ukishindwa, tutakuwa tumewaokoa wanunuzi. Ukifaulu, maarifa ya wale kina mama waokotaji yatambuliwe kwa jina na kwa malipo.

Wanaharakati, msidai kiwanda kifungwe na kilabu kivunjwe halafu mkaishia hapo. Historia ya gongo imetuonyesha kinachofuata. Dai lenu liwe kwamba sehemu ya kodi ya pombe inayokusanywa Kanda ya Ziwa irudi mwaloni kama prazikwanteli kwa wavuvi, chanjo kwa waliozaliwa kabla ya 2002, na ushauri kwa anayetaka kuacha kunywa. Serikali imekula matunda ya pombe tangu enzi za vilabu vya leseni, na ini la mvuvi halijawahi kupata mgawo wake.

Na yeyote atakayesogezewa kikombe cha kahawa ya uyoga kama kinga ya ini, amwulize muuzaji maswali matatu yanayotokana na historia ya Ziwa hili: ilijaribiwa kwa watu wangapi, walilinganishwa na nani, na walifuatiliwa kwa muda gani? Akikosa jibu, fedha hiyo ikalipie kipimo cha homa ya ini.